JE, TUFURAHI BOMU LA NYUKLIA LIKIWA MIKONONI MWA WAISLAMU?



Himidi zote anastahiki Allah Subhaanahu wa Ta'ala. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote.

Ndugu zangu, tangu Juni 2025, Israel ilipoishambulia Iran tarehe 13 na Marekani ikafuatia tarehe 22 kwa kupiga Fordow, Natanz na Isfahan, swali moja limekuwa likiletwa hapa kwa sura nyingi. Mmoja anauliza: "Sheikh, kwa nini wao wawe nalo na sisi tukatazwe?" Mwingine anasema: "Allah ametuamrisha tuandae nguvu. Leo kuna nguvu gani kuliko bomu la nyuklia?" Na wapo wanaosambaza picha za makombora yaliyoandikwa shahada, wanaomba siku ifike.

Nitajibu kwa urefu kidogo. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaandika maoni, maana katika haya yapo yatakayokupendeza na yapo yatakayokuchoma.

*1. MALALAMIKO YENU YANA HAKI NDANI YAKE*

Tuanze hapo, kwa sababu mtu akidhulumiwa kisha akaambiwa hajadhulumiwa, hasikilizi tena neno jingine.

Upo Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ambao kwa kifupi huitwa NPT. Ulianza kusainiwa tarehe 1 Julai 1968 na ukaanza kufanya kazi tarehe 5 Machi 1970. Ndani yake yamo makubaliano ya pande mbili. Nchi tano zilizokuwa zimeshalipua bomu kabla ya mwaka 1967, yaani Marekani, Usovieti (leo Urusi), Uingereza, Ufaransa na China, zilitambuliwa kuwa nazo. Nchi nyingine zote zinazojiunga zinaahidi kutotengeneza wala kupokea, na zinakubali kukaguliwa. Kwa kubadilishana na ahadi hiyo, zinapata haki ya kutumia nguvu za atomiki kwa amani: umeme, tiba ya saratani, kilimo. Na zile tano, katika Ibara ya 6, zinaahidi kufanya mazungumzo kwa nia njema ya kuelekea kuondoa silaha zao.

Tarehe 8 Julai 1996, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake kuhusu jambo hili. Rais wa mahakama wakati huo alikuwa Mohammed Bedjaoui, mwana wa Algeria. Majaji wote, bila hata mmoja kupinga, walisema wajibu ule si wa kukaa mezani na kunywa chai tu. Ni wajibu wa kuyafikisha mazungumzo mwisho, silaha ziondoke.

Sasa tazama. Zaidi ya miaka 50 imepita. Ni kweli, na tuwe waadilifu, vichwa vya nyuklia vimepungua kutoka takriban 70,000 katikati ya miaka ya 1980. Lakini bado vimebaki zaidi ya 12,000, na karibu asilimia 90 viko kwa Marekani na Urusi. Mkataba wa mwisho uliowawekea wawili hao kikomo cha vichwa 1,550 vilivyo tayari kwa matumizi kila mmoja, ule wa mwaka 2010, uliwekewa ukomo wake tarehe 5 Februari 2026. Na nchi zote zenye silaha hizi zinazifanya upya badala ya kuzizika.

Israel haikusaini mkataba, na haijawahi kukiri kuwa na bomu. Mfanyakazi wa kinu chao cha Dimona, Mordechai Vanunu, alipotoa siri hadharani mwaka 1986, alitekwa Roma, akarudishwa na kufungwa miaka 18. India nayo haikusaini. Jaribio lake la kwanza, Mei 1974, lilitumia malighafi kutoka kwenye kinu kilichotolewa na Canada kwa matumizi ya amani. Mwaka 2008 nchi zinazouza bidhaa za nyuklia zikaipa ruhusa maalumu ya kufanya nayo biashara.

Iran ilisaini. Mwaka 2015 ikafanya makubaliano na mataifa makubwa isirutubishe urani kupita asilimia 3.67. Wakaguzi wakawa wanathibitisha kwamba inatimiza. Tarehe 8 Mei 2018 Marekani ikajitoa. Baadaye Iran nayo ikaanza kuvuka mipaka hatua kwa hatua, hadi asilimia 60 mwaka 2021, kiwango ambacho kinu cha umeme hakikihitaji. Tarehe 12 Juni 2025 bodi ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ikatamka kwamba Iran haikutimiza wajibu wake wa ukaguzi. Kesho yake mabomu yakaanza kudondoka, yakitoka kwa nchi ambayo yenyewe haifungui milango ya Dimona kwa wakaguzi hao.

Basi anayesema mizani imepinda, amesema kweli. Mimi simpingi.

*2. LAKINI JE, DHULUMA YA MWENZIO INAHALALISHA KILA KITU?*

Hapa ndipo tunapotengana na wengi.

Wanaotaka bomu hushika aya ya 60 ya Suratul Anfal, inayoamrisha Waislamu waandae nguvu kadiri wawezavyo. Aya ni ya haki. Ila usiisome ukafunga msahafu. Aya inayofuata, ya 61, inaelekeza kuikubali amani adui akiielekea. Na katika Suratul Baqara, aya ya 190, mwenye kupigwa vita ameruhusiwa kupigana, na papo hapo amekatazwa kuvuka mpaka. Kuandaa nguvu kumewekewa hudud.

Mtume (s.a.w.) alikataza kuua wanawake na watoto vitani. Abubakar (r.a.), alipoliaga jeshi lililokwenda Sham, aliliusia lisiue mzee wala mtoto, lisikate miti yenye matunda, lisiwaguse watawa waliojitenga kwenye nyumba zao za ibada. Hayo ni maneno ya khalifa kwa jeshi lililokuwa linakwenda kupambana na dola kubwa ya zama zake. Hakusema: "Wao wana nguvu kutuzidi, kwa hiyo leo mipaka imeondoka."

Sasa chukua bomu la nyuklia ulipime kwa wasia huo. Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, bomu moja. Hadi mwisho wa mwaka ule, makadirio ni watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Siku tatu baadaye, Nagasaki. Wanafunzi, wagonjwa hospitalini, wajawazito. Wengine hawakufa siku ile, walikufa kwa saratani ya damu miaka kadhaa baadaye. Nionyeshe ni wapi bomu hili linatenganisha askari na mtoto anayenyonya.

Atatokea mwanafunzi wa fiqhi aseme: "Sheikh, inasimuliwa kwamba manjaniki ilitumika Taif, na jiwe la manjaniki nalo halichagui." Jawabu: jiwe la manjaniki likidondoka, limekwisha. Anayekaa mita 200 kutoka hapo yuko salama, na mtoto atakayezaliwa mwaka unaofuata hana habari nalo. Mionzi inakwenda na upepo, inaingia kwenye maji, inashuka kwenye maziwa ya ng'ombe na kumfikia asiyezaliwa bado. Kulinganisha viwili hivi ni kufananisha kibiriti na moto wa msitu kwa sababu vyote vinawaka.

Katika hili hata wanaotofautiana kimadhehebu wamekaribiana. Ayatollah Ali Khamenei wa Iran alitamka kwamba kutumia silaha za maangamizi ni haramu, na tamko lake likasomwa kwenye mkutano wa Tehran mwaka 2010. Mimi si mfuasi wa madhehebu yake, na wapo wanaotilia shaka nia ya serikali yake. Lakini neno la haki hubaki haki yeyote aliyelisema, na anayelisema ndiye wa kwanza kulazimika kulifuata.

*3. HEBU TUSEME UKWELI: LITAMUUA NANI?*

Watu wanaposema "bomu la Kiislamu", huwaza litaanguka kwa adui. Tuziangalie ramani na historia, tuache ndoto.

Kutoka Tel Aviv hadi Baytul Maqdis ni takriban kilomita 60 tu. Yafa, Lidd na Ramla ni miji yenye Wapalestina mpaka leo, na mmoja katika kila raia watano wa Israel ni Mwarabu. Wewe unayeomba bomu lishuke hapo, unaomba lishuke juu ya watu wale wale unaowalilia kila Ijumaa, na majivu yake yaangukie Al-Aqsa. Pakistan ilijibu majaribio ya India kwa majaribio yake tarehe 28 Mei 1998, na watu wakacheza barabarani. Lakini India ina Waislamu karibu milioni 200. Upepo utakaobeba mionzi hautauliza nani anaelekea kibla.

Na historia inasema nini? Tarehe 16 Machi 1988, mji wa Halabja, Iraq ya kaskazini. Wakazi wake Wakurdi, Waislamu. Ndege za Saddam Hussein zilimwaga gesi ya sumu. Inakadiriwa watu 5,000 walikufa, kina mama wakiwa wamewakumbatia watoto wao vizingitini.  Silaha ile ilipotumika, ilitumika dhidi ya Waislamu wa Iran na Waislamu wa Halabja. Hizo ndizo kumbukumbu zetu za silaha za maangamizi mikononi mwa mtawala mwenye jina la Kiislamu.

Tazama Yemen, tazama Sudan, uniambie: katika watawala wa leo, yupi ungemkabidhi kitufe hicho ukalala usingizi?

Na siri za bomu lile la Pakistan zilifika wapi? Februari 2004, Abdul Qadeer Khan alisimama kwenye televisheni akakiri kwamba utaalamu ulitolewa nje. Ulifika Libya, ulifika Iran, na ulifika Korea Kaskazini, dola isiyotaka hata kusikia adhana. Waliokuwa wakiliita bomu la umma hawakujua kwamba lilikuwa limeshapelekwa sokoni.

*4. AHADI NI DENI, HATA AHADI NZITO*

Kijana mmoja atasema: "Mkataba wenyewe ni wa kidhalimu. Watano wabaki nazo, wengine wote mikono mitupu. Kwa nini tuutimize?"

Nenda Hudaybiya, kijana wangu. Mwaka wa 6 Hijria. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba atakayekimbia kutoka kwa Maquraishi kuja kwa Waislamu arudishwe, na atakayetoka kwa Waislamu kwenda kwao asirudishwe. Je, hilo lilikuwa sharti la usawa? Umar (r.a.) mwenyewe lilimkaa kooni. Na kabla hata mambo hayajatulia, akaja Abu Jandal akijikokota na minyororo yake, anaomba hifadhi kwa ndugu zake. Akarudishwa. Mtume (s.a.w.) alimtaka asubiri, kwa sababu neno lilikuwa limeshatolewa.

Kisha nini kilitokea? Waliovunja walikuwa upande wa pili, walipowasaidia Banu Bakr kuwashambulia Khuza'a. Mkataba ukafa mikononi mwa Maquraishi wenyewe, mbele ya Waarabu wote, na Makka ikafunguliwa. Aliyetimiza hakupata hasara.

Na Uislamu haukumfunga mtu kwenye mkataba hata akiona khiyana inakuja. Suratul Anfal, aya ya 58, inafundisha kwamba ukihofia khiyana, warudishie ahadi yao waziwazi, ili wote mjue mmesimama wapi. Mkataba wa NPT nao, katika Ibara ya 10, una mlango huo: nchi ikiona maslahi yake makuu yamo hatarini, inatoa taarifa ya miezi mitatu na kueleza sababu. Kujitoa hadharani ni jambo moja, hata kama mimi siungi mkono. Kusaini mchana na kuchimba handaki usiku ni jambo jingine, na jina lake tunalijua. Hadithi ya alama za mnafiki haikumvua mwanasiasa.

Mu'awiya (r.a.) alipokuwa na mkataba na Warumi, aliusogeza jeshi karibu na mpaka wao ili muda ukiisha awavamie ghafla. Sahaba Amr bin Abasa akaja mbio juu ya mnyama wake, akipaza sauti kuikumbusha ahadi na kuikemea khiyana. Mu'awiya akarudi na jeshi lake. Leo tunamhitaji Amr bin Abasa wa Washington, wa Moscow na wa Tel Aviv. Lakini na wa Tehran pia, na wa Islamabad.

*5. "MBONA GADDAFI ALIUAWA NA KOREA KASKAZINI HAIGUSWI?"*

Hii ndiyo hoja yenu nzito kuliko zote, sitaipita pembeni. Libya ilitangaza kuacha mradi wake Desemba 2003. Mwaka 2011 ndege za NATO zilikuwa juu ya Tripoli. Anayeona hayo akasema "bomu ndilo kinga", ninaelewa anakotoka. Na waliomfanyia hivyo Gaddafi wamefanya kazi ya kunyang'anya silaha duniani kuwa ngumu zaidi kwa miaka mingi ijayo.

Lakini itimize hesabu. Libya haikuwa na bomu la kusalimisha. Ilikuwa na vipande vilivyonunuliwa kwa magendo. Uingereza ilikuwa na bomu, na Argentina ikavamia visiwa vyake mwaka 1982. Pakistan ilikuwa na bomu, na makomando wa Marekani wakaingia Abbottabad usiku wa Mei 2011 na kuondoka. Israel inaaminika kuwa na bomu kwa miongo, na halikuzuia Oktoba 2023. Usovieti ilikuwa na makumi ya maelfu, na mwaka 1991 ikasambaratika, silaha zote zikiwa ghalani. Kinga inayovuja kiasi hiki, unailipia kwa roho za wote?

Na kuna ajali. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, afisa wa Kisovieti Stanislav Petrov aliona kwenye mitambo yake makombora matano ya Marekani yakija. Aliamua kwamba mitambo imekosea, hakupandisha taarifa ya shambulio. Ilikuwa mwanga wa jua uliogonga mawingu. Allah aliwahifadhi viumbe wake kwa kusita kwa mtu mmoja. Sasa ongeza nchi tano nyingine zenye mitambo kama hiyo, uhesabu ni akina Petrov wangapi watahitajika, na kila mmoja asikosee hata mara moja.

*6. WAISLAMU WALIOTANGULIA NJIA BORA*

Kazakhstan, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu, ilifanywa uwanja wa majaribio. Huko Semipalatinsk Usovieti ililipua mara 456 kati ya 1949 na 1989, na wanavijiji wakabaki na maradhi yanayorithiwa kwa vizazi. Walipopata uhuru walijikuta na vichwa vya nyuklia zaidi ya 1,000 ardhini mwao. Wangeweza kusema, "Sasa na sisi ni wakubwa." Walikifunga kituo kile, na kufikia 1995 silaha zote zilikuwa zimeondoka. Mwaka 2006 wakaungana na Uzbekistan, Kyrgyzstan, Tajikistan na Turkmenistan kuifanya Asia ya Kati kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Nchi tano za Kiislamu. Nani kati yenu aliyewahi kusambaza picha yao?

Nasi Waafrika tuna kidonda chetu. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza karibu na Reggane, jangwani Algeria. Ilifanya majaribio 17 kwenye ardhi ile ya Waislamu hadi 1966, hata baada ya uhuru. Urani nyingi ya mradi wa Marekani uliozaa mabomu ya Japani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, iliyochimbwa na Wakongo ambao hawakuambiwa wanachimba nini.

Kwa hiyo Afrika ina Mkataba wa Pelindaba, uliosainiwa Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuanza kazi tarehe 15 Julai 2009, Burundi ilipokamilisha idadi ya nchi 28 zilizohitajika. Unakataza bomu barani mwetu, unakataza kutupa taka za mionzi, na unakataza kushambulia vinu vya nyuklia vya wengine. Hilo la mwisho, kama lingeheshimiwa na dunia nzima, Juni 2025 isingekuwa ilivyokuwa.

Misri na Iran ziliomba Mashariki ya Kati iwe eneo la namna hiyo tangu mwaka 1974. Mwaka 1995 nchi za NPT zikalipitisha kwa azimio, na ahadi hiyo ndiyo iliyosaidia mkataba kuongezwa muda bila kikomo. Muda ukaongezwa. Eneo halijapatikana mpaka leo. Hapa ndipo hasira yenu inapotakiwa kuelekezwa: Dimona ifunguliwe, Natanz ikaguliwe, na wakubwa watano walipe deni la Ibara ya 6. Dai hili ni zito kwao kuliko picha ya kombora, kwa sababu ni neno lao wenyewe walilolitia saini.

Na sisi wa hapa tusijione watazamaji. Namtumbo, mkoani Ruvuma, kuna urani katika mradi wa Mto Mkuju. Madini si haramu. Yanawasha taa na yanatibu wagonjwa. Lakini ni haki ya raia kuuliza: inauzwa kwa nani, kwa ukaguzi gani, na wanaokaa pembezoni mwa mgodi wanalindwaje? Tusije tukawa kama Shinkolobwe, tofauti ikiwa sisi tulikuwa na simu mkononi na bado hatukuuliza.

*KWA UFUPI*

Mizani ya dunia imepinda, na kusema hivyo ni haki. Bomu linaloua asiye na hatia kwa maelfu halina nafasi kwenye sheria ya vita ya Kiislamu, awe nalo Mmarekani, Myahudi, Mhindu au Muislamu. Ahadi hutimizwa, au hurudishwa waziwazi. Na Muislamu hamuombei mwanadamu yeyote moto ambao hata mtoto wake hatasalimika nao.

Anayetofautiana nami aandike hoja yake kwa adabu, nitaisoma. Matusi nitayafuta.

Ewe Mola, wape nusra wanaodhulumiwa Gaza na kila mahali. Waongoze viongozi wetu watimize ahadi zao. Tuepushe na silaha ambazo hata waliozitengeneza wanaziogopa. Aamin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.